Tyubu ya rangi nyeupe iliyokosekana: Dorothy L. Sayers na sanaa inayofumbua mauaji

Swali: Naandika riwaya ya upelelezi. Anayeuawa ni mchoraji wa Tingatinga jijini Dar es Salaam, na chanzo cha kifo ni picha za bandia. Nimeshaandika kurasa 40 za historia ya sanaa, lakini rafiki yangu aliyezisoma anasema zilimsinzisha. Nimesikia Dorothy Sayers aliwahi kufumbua kifo cha mchoraji kwa tyubu moja tu ya rangi. Alifanyaje? Na nianze na kitabu chake kipi?

Jibu: Anza na *The Nine Tailors*, fuatisha *Gaudy Night*, kisha ndipo uende kwenye hicho cha tyubu, *Five Red Herrings*. Najua umeuliza cha tyubu, ila kitabu hicho cha 1931 kina kidokezo kizuri mno kilichozungukwa na ratiba za treni za Scotland, dakika kwa dakika, sura baada ya sura. Ukianza nacho utakiweka chini kabla hujafaidi chochote. Nikutahadharishe pia: siwezi kukujibu bila kumwaga siri za vitabu hivi. Muuaji wa kitabu cha tyubu sitamtaja. Vingine vitavuja.

Kwa ufupi, Sayers alizaliwa Oxford mwaka 1893 akafariki 1957. Alimaliza masomo yake chuoni Somerville mwaka 1915 kwa daraja la kwanza, lakini enzi hizo Oxford ilikuwa haiwapi wanawake shahada. Yake aliipata 1920. Kuanzia 1922 hadi 1931 aliandika matangazo ya biashara London, na huku jioni akiandika riwaya za mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey. Baadaye aliacha upelelezi akaingia kwenye tamthilia na kumtafsiri Dante, mshairi wa Italia. Mtu aliyejua kutunga tangazo la maneno kumi anajua thamani ya neno, na hilo ndilo kurasa zako 40 zinalolililia.

Twende kwenye tyubu. Mchoraji mmoja mkorofi, Campbell, anakutwa amekufa kwenye kijito chenye mawe, chini ya mteremko alikokuwa ameweka picha yake. Wilaya ni Galloway, kusini-magharibi mwa Scotland, na eneo zima limejaa wachoraji na wavuvi. Picha ipo, haijamalizika, rangi bado mbichi. Inaonekana wazi: alirudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yake, akateleza, akaanguka. Wimsey anapekua vifaa vya marehemu, anahesabu tyubu za rangi, anapekua mifuko, anatazama chini kuzunguka mahali pale. Kisha anasema haya ni mauaji. Anamwambia sajenti atafute kitu fulani na sababu yake, na hapo hapo mwandishi anatia mabano na kusema kwamba maelezo hayo yameachwa, kwa kuwa msomaji mwenye akili atayajaza mwenyewe.

Kinachokosekana ni tyubu ya rangi nyeupe, ile ya madini ya risasi ambayo wachoraji wa wakati huo waliitumia kuliko rangi nyingine yoyote. Fikiri kama mchoraji wa rangi za mafuta. Anga haliwi anga bila nyeupe. Povu la maji, jiwe linalopigwa na jua, ukungu wa mlima wa mbali, vyote ni rangi nyingine iliyochanganywa na nyeupe. Ndiyo maana nyeupe huuzwa kwa tyubu kubwa kuliko wenzake, na ndiyo huisha mwanzo. Sasa picha hii ina nyeupe tele, wala kwenye sanduku hamna tyubu yake. Basi aliyeichora ameondoka nayo, na maiti haiondoki na kitu. Mtu mwingine alikaa hapo akachora ili ionekane Campbell alikuwa hai asubuhi ile. Akiwa anachora, kwa mazoea tu, alitumbukiza tyubu mfukoni mwake. Wachoraji wanaofanya kazi nje wanazo tabia hizo: kifuniko mdomoni, tyubu mfukoni, kitambaa begani.

Tazama jinsi mafundi wa kweli wanavyofanya kazi. Sayers hajatuambia chochote kuhusu historia ya sanaa ya Scotland. Hajaeleza mikondo wala mitindo. Ametumia jambo moja ambalo kila mchoraji analijua kwa vidole, nalo ndilo linalomnasa muuaji. Muuaji angeweza kupita mtihani wowote wa nadharia. Amekwama kwenye mfuko wa koti.

Lakini kidokezo hicho kina ufa, na ufa huo unakuhusu. Msomaji asiyewahi kushika rangi za mafuta hawezi kujaza pengo lile hata awe na akili namna gani. Aliyezoea rangi za maji za shuleni atapotea kabisa, maana kwenye rangi za maji weupe hutoka kwenye karatasi yenyewe: unaacha sehemu bila kupaka. Kwake yeye sanduku lisilo na nyeupe ni jambo la kawaida. Sayers alikuwa miongoni mwa waandishi walioanzisha Detection Club mwaka 1930, ambamo wanachama walikula kiapo nusu cha mzaha cha kutomficha msomaji kidokezo muhimu. Mwaka mmoja baadaye akaandika ukurasa wenye mabano yale. Watetezi wake husema hakuficha, maana orodha ya vifaa ipo. Wana haki kidogo. Ila kumwekea msomaji kitu mbele ya macho bila kumpa njia ya kukitambua ni ujanja wa karata tatu.

Jambo la pili la kujifunza hapo ni kuziba matundu. Kidokezo cha kitu kilichokosekana huvuja upesi sana. Huenda tyubu iliisha akaitupa. Huenda iliviringika majini. Huenda kuna mtoto aliyeiokota. Ndiyo maana Wimsey anapekua mifuko na ardhi, na sajenti anatumwa kutafuta zaidi. Kila tundu moja unalolisahau litamrudisha msomaji kwako na swali usilo na jibu lake.

Usidhani pia kwamba rangi nyeupe ni mambo ya vitabuni. Mjerumani Wolfgang Beltracchi alighushi picha za wachoraji wa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa miaka mingi, akitumia turubai kuukuu na kubuni hadi lebo za wakusanyaji wa zamani nyuma ya fremu. Aliponzwa na picha iliyodaiwa kuchorwa na Heinrich Campendonk mwaka 1914. Maabara ilikuta ndani yake titani nyeupe, rangi ambayo haikuwepo kwenye maduka ya wachoraji wakati huo. Yeye alinunua tyubu iliyoandikwa zinki nyeupe. Kiwandani walichanganya titani kidogo bila kuitaja. Mahakama ya Köln ilimhukumu mwaka 2011 kifungo cha miaka sita. Nyeupe tena.

Sasa je, kidokezo cha namna hiyo kinafaa Tingatinga? Kwa sura ile ile, hapana. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu, mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki 1972, na yeye na wanafunzi wake walitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, inayouzwa kwenye kopo. Kopo halitumbukizwi mfukoni. Nyeupe humo haichanganywi kila mahali kama kule. Mara nyingi ni vitone, macho, manyoya. Ukikopa tyubu ya Sayers ukaihamishia Oysterbay, kila mchoraji atakayesoma atacheka.

Lakini rangi ya kopo ina zawadi zake. Picha ya Tingatinga hupandishwa kwa matabaka: kwanza mandharinyuma, mara nyingi rangi mbili zinazoyeyukiana, ikishakauka ndipo mnyama huchorwa na kujazwa, vitone na nakshi huja mwisho. Tabaka la chini likiwa bichi, la juu litateleza na kuchafuka. Maana yake kila picha isiyomalizika ni saa. Rangi za mafuta za tyubu hukauka polepole kwa kunywa hewa ya oksijeni, hata siku kadhaa, kwa hiyo rangi mbichi ya Campbell haikuweza kutofautisha saa nane na saa mbili. Muuaji alihitaji wapita njia wamwone akichora, wadhani ni Campbell. Rangi ya kopo iliyotiwa thina hushikamana ndani ya saa chache. Mandharinyuma kavu, chui aliye nusu mbichi, wala hakuna kitone hata kimoja: hapo una muda wa kifo uliobanwa kuliko daktari yeyote atakavyokubania.

Usiniamini kwa mdomo, wala usiamini maandishi ya kwenye kopo. Unyevunyevu wa Dar es Salaam na wingi wa thina hubadilisha kila kitu. Chukua vipande vitatu vya ubao, paka kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja usiku dirisha likiwa limefungwa. Kila nusu saa gusa pembeni kwa dole gumba. Kwanza kitaacha alama na kuchafua kidole. Baadaye kitanata bila kuchafua. Mwisho hakitanata, ila ukisukuma kwa nguvu ngozi ya juu itajikunja kwa kuwa ndani bado mbichi. Hatua hiyo ya tatu ndiyo tamu kwa mwandishi, maana muuaji mwenye haraka ataigusa, ataona imekauka, ataifunga picha kwenye gazeti, na gazeti litaondoka na ngozi ya rangi na kuiachia picha maandishi yaliyogeuzwa.

Turudi kwa Sayers na usingizi wa rafiki yako. *The Nine Tailors* ya 1934 inaanza kwa somo refu kuliko lako. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, katika kijiji cha nyanda za majimaji mashariki mwa Uingereza, mpiga kengele mmoja ameugua homa na Wimsey, ambaye gari lake limekwama kwenye theluji, anaombwa kushika kamba yake. Wanapiga kengele nane kwa saa tisa mfululizo, mipangilio 15,840 ya kufuatana kwa kengele. Kengele hizo ni nzito na huzunguka duara zima, hivyo haziwezi kusimamishwa katikati. Kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine kila moja inaweza kusogea nafasi moja tu, au kubaki. Kengele nane zina mipangilio 40,320 inayowezekana, na wapigaji wanakariri njia bila kurudia. Unasoma yote hayo ukidhani mwandishi anajionyesha. Mpaka mwisho unapogundua kwamba usiku ule ule, juu yao, ndani ya chumba cha kengele, mtu alikuwa amefungwa kamba, na kilichomuua ni zile saa tisa. Ulipokuwa ukifundishwa, ulikuwa ukitazama mauaji. Na mmoja wa waliovuta kamba ni mpelelezi mwenyewe.

Hapo ndipo kurasa zako zinapotofautiana na zake. Zako zinaeleza, kisha hadithi inasubiri nje kama mgeni barazani. Somo lake na tukio lake ni kitu kimoja.

(Kitabibu, kifo hicho ni dhaifu. Kelele kali huharibu masikio, lakini kumuua mtu mzima kwa sauti ya kengele pekee hakuaminiki kirahisi. Wasomaji humsamehe kwa sababu mnara ule wameshaupanda naye.)

Kuhusu makosa ya kitaalamu, yupo mfano mzuri zaidi. Mwaka 1930 aliandika *The Documents in the Case* pamoja na daktari aliyejiita Robert Eustace. Mume anayependa kuokota uyoga porini anakutwa amekufa, na mpenzi wa mkewe ni mchoraji. Je, aliokota uyoga wa sumu kwa bahati mbaya, au aliwekewa sumu yake, maskarini, iliyotengenezwa maabara? Jibu linatoka kwenye mwanga. Molekuli zinazotengenezwa na viumbe hai mara nyingi ni za mkono mmoja, kama glavu ya kulia, nazo hupindisha mwanga uliochujwa ukabaki unatetema upande mmoja. Za maabara, zikitengenezwa kwa njia ya kawaida, ni nusu za kulia na nusu za kushoto, na mwanga hupita bila kupinda. Kifaa kinawekwa, sampuli inatiwa, mwanga haupindi: ni mauaji. Na hoja iliyo chini yake ni nzito, kwamba uhai wenyewe una upande.

Wanakemia wa wakati ule wakamkosoa: kwa fomula iliyokubalika, maskarini haina mkono wa kulia wala wa kushoto. Akakubali kwamba amevurunda. Kumbe fomula ndiyo iliyokuwa na kosa. Muundo sahihi ulithibitishwa mwaka 1957, na maskarini ina mkono kama alivyoandika. Kosa lake halisi liko kwingine: uyoga wa kitabuni, ule mwekundu wenye madoa meupe, una maskarini kidogo mno, na sumu zake kuu ni nyingine. Ukiandika sayansi, basi, mpelekee mtu wa fani si aya ya mwisho peke yake. Mpelekee hata zile unazodhani kila mtu anazijua.

Nimebakiza *Gaudy Night*, 1935, na hapa utajifunza namna ya kutia hoja ndani ya hadithi. Hakuna anayeuawa. Katika chuo cha wanawake Oxford kuna mtu anatuma barua za matusi, anachoma maandishi, anavunja vitu. Chanzo ni hiki: zamani, mtafiti mmoja alikuta barua iliyobomoa hoja ya tasnifu yake, akaificha. Mhadhiri mmoja akamgundua na kusema. Mtafiti yule akapoteza cheo, riziki, hatimaye maisha. Anayelipiza kisasi anaamini kwamba ukweli wa karatasi za kale haukustahili kunyang'anya familia mkate. Unaweza kuichukia mbinu yake usiweze kulijibu swali lake upesi. Sayers hakuliweka hilo kwenye hotuba. Wimsey anakaa na wahadhiri baada ya chakula na kuyapeleka mazungumzo kwenye swali moja: mtu anayeficha ushahidi kwa ajili ya mkewe na watoto, mngemfanyaje? Kila mmoja anajibu kwa tabia yake, na kila jibu ni ushahidi.

Fanya hivyo na picha zako za bandia. Swali lako limelala pale pale: wachoraji wengi wa Tingatinga huchora chui yule yule, tausi yule yule, na mteja hununua. Lini kurudia kunakuwa wizi? Kwenye saini? Kwenye tarehe? Kwenye bei? Waulize washukiwa wote swali hilo mezani, muuzaji wa duka la watalii, mwanafunzi wa zamani, mjane, mkusanyaji wa Ulaya. Muuaji atajibu kama wengine, ila atajua jambo moja zaidi, mathalani kwamba picha za mwanzo zilichorwa kwenye hadibodi na turubai zikaja baadaye. Hilo tu linamfichua kuwa ndiye aliyeikagua picha moja ya bandia iliyoandikwa "1970" kabla hajaitwa kuitazama. Wala huna haja ya kwenda Uingereza kutafuta ruhusa ya kutia hoja kwenye upelelezi: Bwana Msa, mpelelezi wa mwandishi wa Zanzibar Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960, alikuwa akipambana na imani ya watu juu ya mizimu sawasawa na alivyopambana na muuaji.

Sasa chukua kurasa 40 na kalamu nyekundu. Pembeni mwa kila aya andika kitendo cha uhalifu kinachoshindikana bila aya hiyo. Usipokiona, futa. Zitabaki labda nne, na hizo nne zivunje vunje uziweke mikononi mwa watu wanaofanya kazi: anayekoroga kopo, anayebishana bei ya thina.

Na kwa kuwa unataka kitu kilichokosekana kama tyubu ile, jaribu hadibodi yenyewe. Shiti moja ya futi 4 kwa 8 hutoa vibao 8 vya futi 2 kwa 2, kipimo kilichozoeleka cha picha hizo, bila kubaki kipande. Katika sura ya kwanza fundi seremala anakata, marehemu anahesabu kwa sauti na kugombania shilingi za kila mkato: nane. Misumeno huacha alama za meno yake, hivyo kingo za vibao vilivyokatwa pamoja huweza kulinganishwa. Baada ya kifo, polisi wanaorodhesha vitu vya karakana, na katikati ya orodha, baina ya brashi na redio, weka "vibao 7". Usirudi hapo mpaka theluthi ya mwisho, mpelelezi atakapoigeuza ile picha ya "1970" ukutani kwa mtu na kupitisha kidole kwenye ukingo wake.